Fimbo Mbili kwa Njia Moja

Jumamosi ile, kwenye kituo kidogo cha Pont Celyn, walikuwapo watu sita. Alikuwapo Tecwyn, seremala, ambaye ndiye angeendesha treni. Alikuwapo mkewe Mabli, na binti yao Non, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Alikuwapo Garmon, daktari wa meno wa mjini, ambaye kila Jumamosi hugeuka kibarua wa reli. Alikuwapo Mzee Idwal, aliyefanya kazi kwenye reli kubwa ya pwani mpaka akastaafu. Na alikuwapo Eurwen, ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila birika la chai. Wanachama wengine walikuwa wamekwenda kutazama mechi ya raga, na hakuna aliyewalaumu.

Asubuhi ilikuwa njema. Mvua ilikuwa imekatika, kondoo wametapakaa mlimani, na reli mpya ilimeta kutoka kituoni mpaka mdomo wa handaki. Ilikuwa reli nyembamba, mtu mzima angeweza kusimama juu yake mguu huku na mguu huku. Zamani ilishusha mawe ya kuezekea kutoka machimbo ya Bwlch, kule juu, mpaka bandarini. Kisha ikafungwa, ikamezwa na miiba. Miaka yote hii chama chao kilikuwa kikiifufua taratibu, taruma kwa taruma, yale magogo ya kulazia reli. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, treni ingepita handakini na kurudi. Ilikuwa safari ya kujaribu tu. Upande wa pili wa handaki reli mpya iliishia kwenye rundo la kokoto, na baada ya hapo palikuwa na magugu matupu mpaka Bwlch.

"Daktari, ule msumari wa taruma umelegea," Tecwyn alisema. "Ung'oe, lakini usiuchome sindano ya ganzi kwanza."

"Wewe cheka tu," Garmon alijibu. "Jino lako la nyuma nalijua. Utanijia."

Mzee Idwal alikuwa ameketi na Non kwenye benchi, anamfundisha lugha ya kengele kwa kugonga kijiko kwenye mfuniko wa birika. Akagonga mara mbili. "Hiyo maana yake treni imeingia njiani, inakuja kwako." Akagonga mbili tena, akanyamaza kidogo, akagonga moja. "Na hiyo maana yake treni imefika salama, njia nyeupe."

Non alipenda ile ya kwanza. Aligonga mbili, mbili, mbili, mpaka Eurwen akamnyang'anya kijiko na kumpa kipande cha mkate wa zabibu kavu badala yake.

"Non, acha kengele, kula," alisema, na akamfunga vizuri vifungo vya koti. Lilikuwa koti la sufu, jeupe kama maziwa, alilolifuma yeye mwenyewe. Hakuwa na mjukuu, na hakuna mtu aliyemwomba afume.

Ndani ya kibanda cha msimamizi palikuwa na kengele ya kweli, ya shaba, lakini ilikuwa pambo. Waya wake ulikatwa zamani sana. Chini ya kengele palikuwa na kigingi cha chuma, na kwenye kigingi ilining'inia fimbo nyekundu.

Fimbo hiyo ndiyo sheria ya reli ya njia moja. Treni haiingii njiani mpaka dereva aishike mkononi. Akifika upande wa pili anamkabidhi msimamizi, naye anaitundika. Ukiwa nayo unajua hakuna treni nyingine mbele yako, kwa sababu fimbo ni moja tu. Haijawahi kuwa mbili. Hata mtoto wa mfanyakazi wa reli analijua hilo.

Tecwyn aliichonga hii nyekundu majira ya baridi, jikoni, karibu na jiko. Mabli aliipaka rangi, na Non akaibonyeza kwa kidole gumba kabla haijakauka. Siku walipoileta kituoni, wote walipiga makofi. Mzee Idwal peke yake ndiye aliyejikuna kidevu.

"Ile ya zamani ilipatikana?" aliuliza.

"Mzee, ile imeshakuwa udongo," Garmon alisema, na wakacheka, na Mzee Idwal akacheka pia. Wakaitundika mpya mahali pa ile ya zamani, na maneno yakaishia hapo.

Kwa maana habari ya ile ya zamani waliijua wote. Picha ya Hywel, dereva wa mwisho, ilikuwa ukutani palepale kibandani: mtu mpana, ameegemea kichwa cha treni ya mvuke, mkono wake wa kulia umeshika mlango. Mkono huo haukuwa na kidole cha shahada. Kilikatwa na kiungio cha mabehewa alipokuwa kijana. Mkewe, Lowri, ndiye aliyekuwa msimamizi wa Pont Celyn. Siku ile Hywel alipewa fimbo kule Bwlch, kengele ikalia mara mbili kwa Lowri, Lowri akatoka na bendera kumpokea mumewe. Handaki likaporomoka treni ikiwa ndani.

Watu walichimba. Walitoa mabehewa, walitoa kichwa cha treni. Walimtoa mchochea makaa akiwa hai, ameketi kwenye shubaka la ukutani, yale mashubaka ya kujibanza treni ikipita. Alisema Hywel alimnyanyua na kumtumbukiza mle. Hywel mwenyewe hawakumpata, wala fimbo.

Reli ikafungwa. Lowri akakataa kufunga kibanda. Fimbo haijarudi, alikuwa akisema, treni bado iko njiani, nami siondoki treni ikiwa njiani. Kila mchana aliweka chakula cha Hywel kwenye sahani, akafunika na sahani nyingine, akakiweka juu ya sufuria ya maji ya moto kisipoe. Alifanya hivyo mpaka alipokufa, mlemle kibandani. Eurwen alikuwa mjukuu wake.

Baada ya chai ya kwanza, Tecwyn aliwasha kichwa cha treni. Kilikuwa kidogo, cha dizeli, cha rangi ya njano, na nyuma yake waliunga behewa moja la wazi. Non akamshika mama yake sketi.

"Nataka kwenda na baba."

"Leo ni kujaribu tu, mama. Siku nyingine."

Midomo ya Non ikaanza kutetemeka. Hapo Garmon akakohoa, akafunua turubai kwenye behewa. Alikuwa ametengeneza kiti kidogo, saizi ya Non hasa, na juu yake ameweka mto kutoka chumba cha kungojea wagonjwa wake.

"Nilidhani labda," alisema kwa haya. "Nitakaa naye mwenyewe."

Mabli alipoutazama ule mto, na jinsi mbao za kiti zilivyopigwa msasa zisimchome mtoto, moyo wake ukalainika. Akamfunika Non kwa blanketi. Akambusu.

"Twende turudi kabla chai haijapoa," Tecwyn alisema. "Haya, msimamizi, nipe njia."

Ilikuwa kazi ya Mzee Idwal kutoa fimbo, lakini alimsukuma Mabli mbele. "Toa wewe, mwanangu. Umeipaka rangi wewe." Basi Mabli akaitoa fimbo nyekundu kigingini, akamtia mumewe mkononi. Treni ikaenda. Non akapunga mkono mpaka handaki likawameza.

Ukungu ulianza kushuka muda mfupi tu baadaye. Mlimani hiyo si ajabu. Kwanza kondoo wakapotea. Kisha ukuta wa mawe. Kisha mdomo wa handaki. Ngurumo ya dizeli ikafifia, na kituo kikawa kimya mno. Eurwen alikuwa akiosha vikombe, Mzee Idwal akifunga kamba ya kiatu.

Kengele ikalia. Mapigo mawili.

"Non, acha," Eurwen alisema bila kugeuka.

Kisha kikombe kikamtoka mkononi.

Wote watatu wakatazama kupitia mlango wa kibanda. Kengele ilikuwa bado inatikisika. Waya wake uliokatwa ulining'inia ukutani, mfupi kama mkia wa panya, haujaunganishwa na kitu.

"Hiyo imetoka juu," Mzee Idwal alinong'ona. "Imetoka Bwlch."

"Bwlch hakuna reli, mzee," Mabli alisema.

"Najua hakuna."

Akamgeukia Eurwen. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Bibi yako. Kabla hajafa. Alikuwa akisema nini?"

"Unajua alichokuwa akisema," Eurwen alijibu polepole. "Fimbo haijarudi. Treni bado iko njiani."

Mabli akaingia kibandani. Alikitazama kigingi kitupu. Aliutazama mkono wake mwenyewe, ule uliotoa fimbo. Ile ya zamani haikurudi. Njia haikuwahi kuwa nyeupe, hata siku moja, miaka yote hii. Nao wamechonga ya pili, wakaipaka rangi, wakapiga makofi. Fimbo mbili. Na kwenye njia ile ile, mtoto wake.

Upepo ukaja kutoka handakini. Ulikuwa na harufu. Treni yao ilikuwa ya dizeli, lakini hii ilikuwa harufu ya makaa ya mawe.

Mabli akanyakua bendera nyekundu ya kibandani, akakimbia.

Alikimbia katikati ya reli, akirukia taruma hadi taruma. Nyuma alimsikia Mzee Idwal akichechemea na kumwita. Mbele hakuona kitu. Kisha ndani ya ukungu akasikia dizeli, inanguruma kwa nguvu, inakuja. Akajitupa pembeni. Treni ya njano ikatoka handakini kinyumenyume, mbio, magurudumu yanalia. Tecwyn alikuwa amening'inia kwenye breki. Garmon alikuwa naye kwenye kichwa cha treni, amejibana kando yake.

"Kuna taa nyekundu mle," Tecwyn alisema treni ilipopunguza mwendo ikimpita. Alisema chini chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Ilikuwa inatembea. Kama mtu ameishika."

"Non yuko wapi?"

"Yuko nyuma, amejifunika," Garmon alisema. "Tulishuka kuangalia taa. Tuliporudi alikuwa amejikunyata chini ya blanketi. Nikaona nisimwamshe."

Mabli akakimbia kando ya treni, akalidaka behewa likiwa bado linaserereka. Akalivuta blanketi. Chini yake palikuwa na mto.

Hakungoja breki zishike. Hakungoja mtu. Akaingia handakini.

Giza lilikuwa la kushikika. Maji yalidondoka. Alipapasa ukuta kwa mkono wa kushoto, na jiwe lilikuwa na baridi.

"Non."

Kimya.

"Non, mama yuko hapa."

Akapiga hatua nyingine. Reli chini ya kiatu chake ikaanza kutetemeka. Kidogo kwanza. Kama mtu anakuna chuma kwa ukucha, mbali sana. Alijua treni yao imesimama nje, nyuma yake. Huu mtetemo ulitoka mbele.

"Non."

"Mama."

Sauti ilikuwa karibu, upande wa kushoto, tulivu kabisa.

"Mama, ingia hapa. Mzee anasema uingie."

Reli ikalia. Mbele, mwanga mwekundu. Mdogo. Unayumba kulia na kushoto, kama mtu anautikisa kuwaonya watu. Nyuma ya mwanga ule, kitu kilipumua. Kizito. Kinapumua, kinakaribia. Mkono wa Mabli ukakosa ukuta. Shubaka. Akatumbukia ndani, magoti yakagonga jiwe, vidole vikashika sufu. Sufu ilikuwa na joto. Akamkumbatia mwanawe, akamficha uso kifuani.

Ikapita.

Hakuiona. Alikuwa amefumba macho. Aliisikia. Chuma juu ya chuma, mawe yakigongana ndani ya mabehewa, behewa baada ya behewa. Joto likamwunguza shingo. Masizi yakamwingia kinywani. Shubaka lilikuwa dogo, na alijua sketi yake imebaki nje, na mguu wake. Akajaribu kuuvuta. Hapakuwa na nafasi.

Ndipo mtu akasimama kati yao na treni.

Alikuwa mtu mpana. Aliwapa mgongo. Mgongo huo uliziba mlango wote wa shubaka, na koti lake lililolowa lilinuka mafuta na makaa, na lilimgusa Mabli shavuni. Mabli hakuthubutu kupumua. Mtu yule naye hakuwa akipumua.

Behewa la mwisho likapita. Kishindo kikaenda kikififia upande wa Pont Celyn, kisha kikakoma, kama treni inavyokoma inapofika kituoni.

Alipofumbua macho, shubaka lilikuwa wazi.

"Non. Umeumia?"

"Sijaumia." Non alinong'ona. "Nilishuka kutazama taa. Mzee akaja akanibeba, akaniweka hapa. Mikono yake michafu, mama. Kisha akanipa hii."

Alikuwa amekumbatia kitu. Mabli akakipapasa gizani. Kipande cha mti, kirefu kama mkono, kilicholowa, na pete ya shaba kwenye ncha. Kilikuwa na joto upande mmoja, pale ambapo mtu angekuwa amekishika.

"Amesema umpelekee Lowri," Non alisema. "Amesema umwambie amechelewa."

Tecwyn aliwakuta wakitoka, tochi mkononi, analia bila sauti. Alimchukua Non begani, na mkono mwingine akamshika mkewe. Nyuma yake alikuwapo Mzee Idwal, na goti lake bovu, amefika mpaka ndani kabisa. Garmon alikuwa amebaki mlangoni mwa handaki akiwamulikia njia. Alikuwa ameufinya ule mto kifuani kwa mikono miwili, na taa ameing'ata kwa meno. Mabli alipompita alimgusa bega, ajue kwamba hakuna anayemlaumu.

Treni ya njano ilikuwa palepale ilipoachwa, juu ya njia ile ile. Haikuwa na hata mkwaruzo. Ila reli, kutoka mdomo wa handaki mpaka kituoni, zilikuwa zimekauka na zinafuka mvuke, wakati kila kitu kingine kilikuwa kimelowa ukungu.

Mbele ya kibanda Eurwen alikuwa amesimama. Mabli akamwonyesha fimbo. Eurwen akaitambua pete ya shaba aliyosimuliwa na bibi yake, akajifunika mdomo kwa aproni yake.

"Itundike wewe, Eurwen. Ni ya kwenu."

"Hapana," Eurwen alisema. "Umetumwa wewe."

Basi Mabli akaingia peke yake. Kibandani palikuwa na joto, ingawa jiko halikuwashwa. Alisimama mbele ya kigingi kama anavyosimama mtu mbele ya mwenyeji wake. Akaitundika fimbo, akaachilia taratibu.

"Fimbo imerudi, Lowri," alisema kwa sauti ndogo. "Hywel anasema amechelewa."

Hakuna kilichotokea. Maji yalidondoka kwenye ukingo wa paa. Nje, Non alipiga chafya, na Eurwen akamwambia kitu cha upole.

Kisha kengele ikalia. Mapigo mawili. Ikanyamaza kidogo. Pigo moja.

"Njia nyeupe," Mzee Idwal alisema mlangoni, akavua kofia.

Fimbo nyekundu Tecwyn aliirudisha nyumbani usiku uleule, na haijaingia tena njiani. Eurwen alilichukua koti la Non, akalifua kwa maji ya moto, akalifua tena kwa sabuni ya kipande. Masizi ya mgongoni yalitoka. Chini ya makwapa, pale mtu mzima anapomshika mtoto ili amnyanyue, hayakutoka. Ni alama za mikono miwili, mikubwa, vidole vimetandazwa. Wa kulia hauna kidole cha shahada.

Reli ilifunguliwa kwa abiria wakati wa Pasaka. Mwaka uliofuata Mabli alijifungua mtoto wa kiume, na koti lile sasa analivaa huyo mdogo.